Miezi saba na kamera ya mtego shambani kwangu Tengeru

Niliinunua kwa hasira. Mwezi wa nne viazi vitamu vyangu vya nyuma ya nyumba vilikuwa vinafukuliwa kila usiku, tuta baada ya tuta, na mama mkwe alishatoa hukumu: ni nguruwe wa jirani. "Mwanangu, nguruwe akishaonja hakomi. Nenda kamwambie mwenyewe." Mimi sikutaka kwenda kugombana bila ushahidi na mtu tunayegawana naye maji ya mfereji. Nikaagiza kamera ya mtego kutoka Dar, shilingi 185,000, ikaja na basi nikaichukua stendi.

Jina lisikutishe, hainasi mtu mguu. Ni boksi lenye rangi ya majani makavu, unalifunga kwenye mti kwa mkanda, na lenyewe linapiga picha au video kitu kikipita mbele yake. Ndani kuna kihisi kinachongoja kitu chenye joto tofauti na mazingira yake kijongee. Usiku inawasha vitaa vya mwanga ambao macho yetu hayauoni vizuri, kwa hiyo picha zinatoka nyeusi na nyeupe.

Usiku wa kwanza na asubuhi yake nilipata picha 1,140. Nilifurahi mpaka nilipoweka kadi kwenye kompyuta. Jani la mgomba. Jani la mgomba likienda kulia, jani la mgomba likirudi kushoto, kuku wangu mwenyewe, jani la mgomba. Jua la asubuhi linalipasha jani joto, upepo unalipepea, na kamera inaamini kiumbe kimepita. Nilitaka kuirudisha siku hiyo hiyo. Kilichonituliza ni kusoma habari za mradi wa Snapshot Serengeti, ulioanza 2010 na kuweka kamera 225 za namna hii mbugani. Kati ya seti milioni 1.2 za picha za miaka ya mwanzo, karibu robo tatu hazikuwa na mnyama yeyote. Kama watafiti wanapiga picha majani, mimi ni nani?

Nikakata majani yote ya mbele, nikaishusha mpaka usawa wa goti, nikaigeuza isitazame mashariki wala magharibi. Hilo la jua karatasi ya maelezo haikulisema, na ndilo lililobadilisha kila kitu.

Usiku wa tatu, picha ya 02:14, yaani saa nane na dakika kumi na nne, mwizi akatokea. Nungunungu! Mkubwa, miba imelala mgongoni kama mtu aliyechana nywele kurudi nyuma, ncha zake nyeupe zinang'aa. Kwenye video ya sekunde 15 anafukua kwa miguu ya mbele, anang'oa kiazi, anakishikilia chini kwa kucha na kukitafuna bila haraka yoyote. Halafu mbwa anabweka kwa mbali, naye anatikisa mkia, na ile miba mifupi ya mkiani inalia kama kayamba. Nilimwonyesha mama mkwe kwenye simu, akairudia mara tatu. "Kumbe ni wewe, bwana!" Kisha akanionya nisimsogelee, atanirushia miba kama mishale. Nimelelewa na habari hiyo pia, ila harushi. Anakurudia kinyumenyume, miba inakuchoma na kubaki mwilini mwako kwa sababu inang'oka kirahisi. Nikazungushia viazi mabati mabovu yaliyozikwa kidogo ardhini, kesi ikaisha, na jirani hajui mpaka leo kwamba nguruwe wake alishashtakiwa na kuachiwa huru.

Baada ya hapo ningeweza kuiuza. Sikuiuza. Nikaanza kuihamisha: kwenye mgomba wenye mkungu ulioiva, kwenye kisima, kando ya mfereji. Nimeishi hapa miaka kumi na moja nikidhani shamba langu lina kuku, paka na hondohondo wanaopiga kelele juu ya miti. Kumbe komba wanashuka karibu kila usiku. Ule mlio kama mtoto anayelia nilikuwa nausikia, lakini sikuwahi kumwona akining'inia kwa miguu ya nyuma huku ndizi ameishika kwa mikono miwili. Kule pwani wanasema mtu amelewa kama komba, kwa vile anajulikana kwa kunywa tembo la mnazi. Huyu wangu ni mlokole, anakula ndizi na kuondoka. Nguchiro nimewapata mchana. Fungo mara moja tu, usiku wa ukungu wa mwezi wa saba, akipita kama mzee aliyechelewa kurudi nyumbani.

Sasa malalamiko, na ninayo.

Boksi limeandikwa megapikseli 36. Usiamini. Kihisi cha picha chenyewe hakifiki huko, programu ya ndani inaongeza nukta za kujaza tu. Nimeishusha mpaka 8 na sioni tofauti, isipokuwa kadi inachelewa kujaa. Ikiwa unataka picha ya ndege chozi akinywa kwenye ua, rangi zake za kijani zikimetameta, hii siyo kamera yako. Niliifunga karibu na bakuli la maji la ndege, kama mita moja hivi, na shorewanda wote wakatoka na ukungu, maana lenzi yake hairekebishiki na kitu kilicho karibu mno hakionekani vizuri. Nilipoirudisha nyuma mita mbili, ndege wakaonekana vizuri lakini wadogo kama njugu.

Betri ni nane, za AA, zile za saa ya ukutani. Za bei poa za duka la mtaani zilinipa usiku tisa. Za alkalaini nzuri zimefika miezi miwili. Hesabu hiyo gharama kabla hujanunua, mimi sikuihesabu.

Siku za joto kali mchana inakuwa kama imelala, kwa sababu hewa inakaribia joto la mwili wa mnyama na kihisi cha joto hakioni tofauti. Na sisimizi! Walihamia ndani ya mlango wa betri na mayai yao. Siku hizi napaka mafuta mazito kwenye mkanda, na nimeweka ndani kile kipakiti cha kufyonza unyevu kinachokuja na viatu vipya.

Jambo jingine halimo kwenye maelezo ya bidhaa. Kando ya mfereji ni njia ya watu. Asubuhi moja nilikuta picha ya mtu ninayemfahamu, saa ambayo hakupaswa kuwa upande huu. Niliifuta hapo hapo na sitasema zaidi. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi kumweleza nina kifaa gani na nakitumia kwa nini, halafu nikakitoa njiani. Ukinunua, anza na hilo.

Picha zinazonichanganya naziweka kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watu wanaojua wanyama wanakusaidia kutambua uliyemwona. Ni bure. Ukiweka mnyama anayewindwa sana, mahali penyewe panafichwa watu wasipajue. Huko ndiko nilikojifunza habari ya kanu.

Kanu ndiye anayenikosesha usingizi sasa. Ni kama paka mwembamba mwenye madoa, anapita nyuma ya banda la kuku. Wako wa aina mbili wanaofanana sana, na njia rahisi ya kuwatofautisha ni ncha ya mkia: wa kawaida ana ncha nyeupe, yule mwenye madoa makubwa ana ncha nyeusi. Boksi linasema kamera inashtuka kwa sekunde 0.3. Labda kwa konokono. Nina picha sita za kanu, na zote ni mgongo na mkia wenye pete, pete, pete, halafu picha inaishia kabla ya ncha.

Jumamosi nikitoka sokoni nitaifunga upya, mshazari na njia badala ya kuikata, ili akae mbele ya lenzi muda mrefu kidogo. Mama mkwe anasema ni nyeusi. Tumewekeana kuku.