Jet Squalus: jeti ya bei nafuu ya kufunzia marubani, na hewa ya Dodoma

Ndugu watazamaji, karibuni. Ndege ninayoichambua leo nikiwa hapa Dodoma ilikwamia kwenye hatua ya majaribio, lakini wazo lililoizaa lina uzito kwa jeshi lolote linalotaka kufunza marubani kwa jeti bila kumaliza bajeti. Ni Jet Squalus F1300, iliyobuniwa na Mwitaliano Stelio Frati kwa ajili ya kampuni ya Promavia ya Ubelgiji, na iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 30 Aprili 1987.

Kinachonivutia zaidi ni chumba cha rubani. Mwalimu na mwanafunzi huketi bega kwa bega, kwa hiyo mwalimu huuona mkono wa mwanafunzi ukikaza usukani kabla kosa halijafika kwenye mabawa, ilhali mwalimu anayeketi nyuma huligundua ndege ikiwa imeshayumba. Injini ni moja tu, turbofani (injini ya jeti yenye feni mbele) ya Garrett TFE109 yenye msukumo wa takriban kilonyutoni 5.9, na unafuu wote umejengwa juu yake.

Wasiwasi wangu nao unaanzia hapo. Uwanja wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika nyuzi 30, hewa hupungua uzito hadi takriban asilimia 83 ya hewa ya usawa wa bahari yenye nyuzi 15. Injini ya jeti hupata msukumo kwa kuvuta hewa na kuitupa nyuma kwa kasi. Hewa ikiwa nyepesi msukumo hushuka, bawa nalo hudai mwendo mkubwa zaidi, na ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Masomo yake ningeyapanga alfajiri.

Mshindani wake mkubwa alikuwa ndege ya pangaboi. Mwaka 1985 Uingereza iliichagua Tucano, yenye asili ya Brazili, ichukue nafasi ya jeti zake za Jet Provost. Pangaboi husukuma hewa nyingi kwa kasi ndogo, na hivyo huokoa mafuta katika mwendo wa chini ambamo mwanafunzi hutumia saa nyingi. Ndege za abiria za pangaboi aina ya Q400 zinazotua hapa kwetu hutumia kanuni hiyo hiyo. Squalus ilikuwa nafuu mbele ya jeti wenzake tu.

Kwa rubani anayeanza, ningenunua ya pangaboi, ila viti vya bega kwa bega ningevidai humo pia.