Nati ya chini kwanza? Fundi huyu kanitia wazimu

Nasema mapema, bado nina hasira, mnistahamilie.

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, kazi yake kubeba dagaa pwani ya Kama, hapa Unguja. Maji yakitoka huishusha mpaka karibu na vyombo, magurudumu ya nyuma yamo baharini. Difu, yaani lile bonge la gia za ekseli ya nyuma, iliyopata moto ukiichovya majini hunywa maji, hasa kile kipumulio cha juu kikiziba kwa mchanga. Kwa hiyo oili yake hukagua mwenyewe. Safari hii, juzijuzi tu, uvivu ukanishinda, nikaipeleka gereji moja hapa mjini inayosifiwa na kila mtu.

Fundi mkubwa kajitupa chini ya gari, spana moja kwa moja kwenye nati ya chini, ya kumwagia oili. Nikamwambia kwa adabu, "Fundi, tujaribu ya kujazia kwanza, isije ikawa imeganda." Akanitazama kutoka kule kule chini.

"Ami, ungekuwa unajua ungeleta gari hapa?"

Ami! Na ndevu zake nyeupe kuliko zangu.

Oili ikamwagika, rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Smaku ya nati ilikuwa na unga wa chuma mlaini tu, hakuna vipande vya meno, alhamdulillahi. Akaigeukia ya kujazia. Imeganda! Akatia bomba kwenye spana, akaning'inia, nati ikaliwa pembe zote ikawa duara kama shilingi. Difu tupu, na haijaziki. Laiti angeanza na ile, ningerudi na chai yangu humo humo, nikatafute mwengine.

Mnajua akasemaje? "Nenda nayo pole pole, difu haitaki oili nyingi."

Haitaki! Meno ya chuma yasagane makavu mpaka Bububu, beringi ziungue, kisha niende kwake tena kununua difu? Nikaiacha gari pale, nikapanda daladala na hasira zangu.

Kesho yake kijana wa kutumwa chai pale pale gereji ndiye aliyeniokoa. Alichomelea nati nyengine juu ya ile iliyoliwa, moto ukalegeza kutu, ikatoka kwa mkono mmoja. Kazibua kipumulio, wala sikumwambia. Akatia oili namba 90, akanituma mpaka Mtoni na kurudi, akaimwaga yote kusafisha maji yaliyobaki, akajaza upya gari ikiwa imesimama sawa, mpaka oili ikachuruzika tunduni. Bado hakuridhika, akaingiza kidole kupima.

Sasa niseme nini? Gereji mbovu, msiende. Lakini difu haivumi tena, na bei, haki ya Mungu, haikuwa mbaya. Mimi sirudi. Yaani, kwa mkubwa yule sirudi. Kijana nimeshamuuliza pembeni, mkubwa wako huvuka Dar kununua spea siku gani?