Jiwe la Kuokea Piza: Tathmini kwa Familia Inayopika Piza ya Mboga Nyumbani

Jiwe la kuokea piza ni kifaa kisicho na kitufe, waya wala sehemu inayosogea, na kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba hakina mengi ya kutathminiwa. Ninaloliandikia hapa ni bamba la mstatili lililotengenezwa kwa kordieraiti, madini yanayostahimili moto, lenye sentimita 38 kwa 35, unene wa sentimita moja na nusu na uzito unaokaribia kilo 4. Viwanda vingi hutengeneza mawe ya vipimo vinavyofanana na hivyo, kwa hiyo jina lililochapishwa kwenye boksi halibadilishi sana yatakayosemwa. Kazi niliyolipatia jiwe hili ni moja tu, nayo ni piza ya mboga inayotayarishwa na familia nzima, kuanzia mdogo anayechambua majani hadi mkubwa anayesimamia oveni. Nimeona vyema kulitaja hilo mapema, kwa kuwa jiwe linalookewa piza ya nyanya na jibini peke yake hupata sifa kwa urahisi, ilhali uyoga, biringanya na spinachi hulitia katika mtihani wa aina nyingine.

Haja ya kuwa nalo inatokana na kikomo cha oveni zenyewe. Oveni nyingi za nyumbani huishia kwenye nyuzi 250 za Selsiasi, wakati tanuri la kuni la mtindo wa Napoli, mji wa Italia ambao ufundi wa wapishi wake wa piza uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, hufanya kazi katika nyuzi zaidi ya 430 na kuivisha piza kwa sekunde 60 hadi 90. Jiwe haliiongezei oveni hata nyuzi moja. Kazi yake ni kuhifadhi joto na kulitoa kwa wingi mara tu unga mbichi unapoligusa. Trei nyembamba hupata moto haraka na kuupoteza haraka vilevile, hivyo unga baridi ukiwekwa juu yake huipoza papo hapo, na ukoko wa chini hubaki mweupe na laini mpaka jibini ya juu inapokaribia kuungua. Juu ya jiwe lililopata moto sawasawa, upande wa chini huanza kukauka ndani ya dakika ya kwanza, kingo huinuliwa na mvuke, na hatimaye hutokea yale madoa ya kahawia ambayo trei haijawahi kunipa. Watengenezaji hupenda kusisitiza kwamba vitundu vidogo vya jiwe hunyonya unyevu. Huenda vinasaidia, lakini kwa maoni yangu joto lililohifadhiwa ndilo lenye sehemu kubwa ya kazi. Kordieraiti yenyewe, ambayo ni madini ya magnesiamu, alumini na silika, imechaguliwa kwa sababu hutanuka kidogo sana inapopashwa moto, na ndiyo maana hustahimili mabadiliko ya joto ambayo yangepasua vigae vya kawaida.

Joto hilo lina gharama yake, na gharama kubwa zaidi ni muda. Taa ya oveni huzimika baada ya dakika chache kuashiria kwamba hewa ya ndani imefikia kiwango kilichowekwa, lakini jiwe wakati huo bado liko nyuma sana. Linahitaji dakika 45 hadi saa nzima katika nyuzi 250 kabla ya kupokea piza ya kwanza, na anayelifupishia muda huo atapata ukoko usio tofauti na ule wa trei huku akiwa amelipia umeme au gesi zaidi. Kwa mtu anayepika peke yake akiwa na njaa, saa hiyo ni adhabu. Kwa familia iliyofanya piza kuwa desturi, saa hiyo ndiyo kiini cha shughuli yenyewe, kwa sababu mboga zinahitaji mikono mingi na hakuna jambo jingine la kufanya mpaka jiwe liwe tayari. Mmoja huosha, mwingine hukata, mwingine hukamua, na mazungumzo huenda mbali kuliko yanavyokwenda mezani, pengine kwa sababu macho ya kila mtu yako kwenye kazi.

Unga wenyewe sitauzungumzia kwa kirefu. Gramu 500 za unga wa ngano wenye protini ya kutosha, gramu 325 za maji, gramu 10 za chumvi, gramu 3 za hamira kavu na kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni hutoa madonge matatu ya piza zenye upana wa sentimita 28 hivi. Ukikandwa siku moja kabla na kuachwa uumuke polepole kwenye friji, ladha yake hukua na gluteni, yaani protini inayoupa unga mvutano, hulegea, jambo linalowafaa hasa watoto, kwa kuwa donge lililopumzika hutanuka kwa vidole bila kurudi nyuma kwa ukaidi. Kifimbo cha kusukumia kisitumike. Hufukuza hewa yote ya kingoni, na jiwe, kwa moto wake wote, haliwezi kuirudisha.

Kwenye mboga ndiko penye jambo zito. Nyanya, uyoga, biringanya, spinachi na pilipili hoho zote ni maji kwa zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na mahali popote palipolowa hapawezi kupita kiwango hicho mpaka maji yaishe, wakati ukoko hauanzi kupata rangi ya kahawia na harufu yake nzuri mpaka uwe umefikia nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo rundo la uyoga mbichi juu ya piza huunda dimbwi linalozuia joto kufanya kazi kutoka juu, na jiwe lililo chini haliwezi kulifikia dimbwi hilo bila kwanza kuunguza sakafu ya piza. Wanaolalamika kwamba jiwe limewaletea piza iliyoungua chini na kuloa katikati mara nyingi wanalaumu kifaa kwa kosa la mboga.

Tiba ni kuziondolea mboga maji kabla hazijakaribia unga, na kila moja ina njia yake. Uyoga huwekwa kwenye kikaango kikavu chenye moto mkali mpaka utoe maji yake na maji hayo yakauke, ndipo mafuta na chumvi vifuate. Biringanya hukatwa vipande vyembamba, hunyunyiziwa chumvi, hufutwa baada ya nusu saa, kisha huokwa peke yake mpaka ilegee. Ikienda mbichi kwenye piza hutoka ikiwa ngumu kama soli. Spinachi hutumbukizwa katika maji ya moto kwa nusu dakika na kukamuliwa kwa mikono miwili bila huruma, na hapa ndipo watoto hushangaa kuona bakuli zima la majani likigeuka ngumi moja ndogo. Vipande vya nyanya mbichi hulazwa juu ya kitambaa safi vikiwa na chumvi. Brokoli hugawanywa kuwa vichala vidogo na kuchemshwa kidogo. Pilipili hoho na vitunguu vinaweza kwenda vibichi, mradi vimekatwa vyembamba sana. Kitunguu saumu nimekiondoa kabisa juu ya piza, kwa kuwa huungua na kuwa kichungu; kinakaa vizuri zaidi ndani ya mafuta yanayopakwa kingoni piza inapotoka. Majani laini kama ya basili huwekwa mwishoni, piza ikiwa imeshatoka ndani ya oveni.

Jibini nayo ina unyevu wake, hivyo mozarela iliyokaushwa, ile inayouzwa ikiwa ngumu kiasi cha kukunwa, inafaa kuliko ile laini iliyomo ndani ya maji. Kwa piza ya upana niliotaja, gramu 100 za jibini, vijiko vinne vya sosi ya nyanya na mboga zisizozidi konzi mbili kubwa zinatosha. Kiwango hicho huleta ubishi nyumbani kila mara, kwa sababu mtoto aliyepewa uhuru wa kupamba piza yake huamini kwamba wingi ni utamu, na sheria ya kwamba unga uonekane katikati ya mboga inamwingia polepole. Nimeona kwamba aliyekataa uyoga kwenye sahani kwa miezi huula bila neno akishaupanga mwenyewe kuwa macho na mdomo juu ya piza, lakini sitadai kwamba hilo litatokea katika kila nyumba.

Hapo hapo kwenye kupamba ndipo udhaifu mkubwa wa jiwe unapojitokeza, na ni udhaifu ambao maelezo ya kwenye boksi hayautaji. Piza haiwezi kuandaliwa juu ya jiwe lenyewe, kwa kuwa tayari liko ndani ya oveni likiwa na moto mkali. Huandaliwa juu ya ubao bapa wenye mpini ulionyunyiziwa unga au semolina, yaani unga wa ngano wenye chembechembe, kisha hutelezeshwa kwa mkono mmoja wa haraka. Mpishi mzoefu hupamba piza kwa dakika moja na kuiingiza. Mtoto wa miaka sita huchukua dakika kumi kupanga vipande vya hoho kwa mduara, na katika dakika hizo unyevu wa unga hunywa semolina yote na piza hushikamana na ubao. Suluhisho linalofaa ni kupambia juu ya karatasi ya kuokea, kuingiza piza pamoja na karatasi, na kuivuta karatasi baada ya dakika mbili au tatu, ukoko unapokuwa umeshika. Karatasi nyingi zina kikomo cha joto kilicho chini ya nyuzi 250, nacho huandikwa kwenye boksi, kwa hiyo kingo zake zikatwe zisizidi piza na isiachwe ndani mpaka mwisho. Hatua ya kuingiza na kutoa ni ya mtu mzima pekee. Jiwe halionyeshi kwa rangi kwamba ni la moto, na hubaki hivyo kwa saa kadhaa baada ya oveni kuzimwa.

Piza ya mboga huiva juu yake kwa dakika saba hadi tisa, jiwe likiwa katika theluthi ya juu ya oveni. Baada ya kila piza huhitaji dakika kumi hivi kurudisha moto wake, na asiyeijali nafasi hiyo ataiona piza ya tatu ikiwa na rangi hafifu kuliko ya kwanza. Hii ina maana kwamba familia haili piza zake zote kwa wakati mmoja. Wapo watakaoliona hilo kuwa kasoro kubwa, na kwao piza moja ya mstatili kwenye trei kubwa, yenye ukoko mnene, itabaki kuwa chaguo la busara. Sisi tumelipokea kuwa utaratibu: piza inayotoka hukatwa na kugawanywa kwa wote hata kama ilipambwa na mmoja, na inapoliwa, anayefuata anatandaza unga wake. Chakula huchukua muda mrefu, na hakuna anayekula kikiwa kimepoa.

Mshindani wa kweli wa jiwe ni bamba la chuma cha pua au cha kaboni. Chuma hupitisha joto kwa kasi kubwa zaidi, hakipasuki kikianguka, na huivisha upande wa chini kwa dakika chache kuliko jiwe katika oveni ileile. Tathmini nyingi hukipa ushindi kwa sababu hizo. Kwa piza ya mboga, hata hivyo, mimi nalipendelea jiwe, kwa kuwa chuma humaliza sakafu kabla mboga hazijapata kukauka na kushika rangi juu, na mpishi hulazimika kuwasha moto wa juu kwa nguvu ili pande mbili zilingane. Jiwe huzipa mboga muda zinaouhitaji. Pia bamba la chuma la milimita sita lenye ukubwa huohuo lina uzito wa zaidi ya kilo 6, na likiwa la kaboni hupata kutu lisipopakwa mafuta.

Utunzaji wa jiwe ni mwepesi ukilinganishwa na masharti yake ya kungoja. Lipoe ndani ya oveni, likwanguliwe kwa ukingo wa chuma, lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Sabuni isitumike, kwa kuwa jiwe huinyonya na kuirudisha katika piza inayofuata. Likilowa, likaushwe kabisa kabla ya kupashwa moto, na daima liingizwe oveni ikiwa baridi, kwa sababu ustahimilivu wa kordieraiti haumaanishi kwamba haliwezi kupasuka. Madoa meusi ya sosi na jibini hayatoki, nayo hayana madhara yoyote. Kukatia piza juu yake huharibu kisu zaidi ya jiwe.

Familia inayopika piza mara chache kwa mwaka haina sababu ya kulinunua. Kikaango kizito cha chuma kilichopashwa moto mkali, au trei nene iliyogeuzwa chini juu ikaachwa ndani ya oveni nusu saa, vitawapa sehemu kubwa ya faida bila kuongeza kilo 4 kabatini. Kwa wanaoila kila wiki, nashauri wapime kwanza upana na kina cha rafu ya oveni yao na kuchagua jiwe linaloacha angalau sentimita mbili kila upande ili hewa ya moto izunguke, na wasishuke chini ya unene wa sentimita moja na nusu, kwa sababu jiwe jembamba huwahi kupata moto lakini huchoka kwenye piza ya pili.