Saratani ya mifupa kwa watoto: kinyama cha uvimbe au vijifuko vya damuni?

Mtoto akishukiwa kuwa na saratani ya mfupa, biopsi ndiyo huamua: daktari huchukua kinyama cha uvimbe, kikakaguliwa kwa hadubini. Ila huacha kidonda, mara nyingi huhitaji nusukaputi, na huonyesha sehemu moja tu ya uvimbe, siku ile tu.

Njia ya pili husaka vijifuko ambavyo seli humwaga kwenye damu. Vile vidogo, eksosomu, vina upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi, na hubeba protini na RNA (nakala za ujumbe wa jeni) za seli iliyovitoa. Hapa ndipo panaponivutia: katika sarkoma ya Ewing, mojawapo ya saratani za mifupa, takriban asilimia 85 ya uvimbe huwa na jeni mbili zilizoungana, EWSR1 na FLI1, na watafiti wameukuta ujumbe wa muungano huo ndani ya vijifuko. Osteosarkoma, saratani nyingine ya mifupa ambayo kromosomu zake zimevurugika ovyo, haina alama rahisi namna hiyo.

Kwa utambuzi wa kwanza, naiamini biopsi bila kusita. Kwa kufuatilia tiba, damu ina mvuto wake, maana huchukuliwa tena na tena. Tatizo ni msongamano: seli zenye afya nazo humwaga vijifuko, tena vingi mno, na kuvitenganisha si mchezo.