Vigae vya kahawia vya daka: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, na kwa chumba cha kulala sibishani nao. Lakini hapa Lamu nusu ya wageni hawavuki daka, ile sehemu ya kuingilia mbele ya mlango mkuu. Jirani akija kuuliza hali, muuza samaki na kikapu chake, mzee wa mtaa anayengoja adhana juu ya baraza, wote huishia pale pale. Viatu vinavuliwa hapo. Aliyetoka kutawadha anapita hapo miguu ikichuruzika. Watoto wakirudi Shela wanakung'uta mchanga hapo. Hakuna sakafu nyingine nyumbani inayofanya kazi kama ile, na ndiyo tunayoichagua kwa dakika tano, kwa kutazama kigae kimoja kilichosimamishwa dukani chini ya taa.

Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza. Nikachukua vya kahawia iliyoiva, vinavyong'aa kama halua. Wiki ya pili shangazi yangu akateleza akitoka kutawadha, akawahi kushika mwimo wa mlango. Hakuumia, ila tangu siku ile akija kwangu hupitia uani. Baada ya miaka mitatu niling'oa vyote. Haya ninayoyaandika yametokana na mara ya pili, pamoja na madaka matatu ya ndugu niliyoombwa kusimamia baadaye: moja mtaa wa Langoni na moja Mkomani, hapa hapa Lamu, na moja Malindi.

Kwanza ujue unachouziwa

Kaure si mgeni kwetu. Bakuli na sahani za Uchina zilipangwa kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, za nyumba za mawe, na nyingine zikapachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya pwani hii. Kigae cha porseleni ni ndugu wa sahani ile: udongo laini uliobanwa kwa nguvu ukachomwa kwa joto la nyuzi 1200 hivi hadi vinyweleo vikafungika. Kiwango cha kimataifa hakiruhusu kinywe maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kigae cha seramiki cha ukutani hunywa zaidi ya asilimia 10.

Kwa watu wa pwani maana yake ni chumvi. Kigae kinachokunywa maji hunywa na chumvi iliyomo. Maji yakikauka chumvi hubaki ndani, ikawa inajikusanya na kusukuma mpaka uso wa kigae uanze kubanduka. Nimeona hivyo kwenye vibaraza vya nyumba mpya kabisa.

Dukani kila kitu huitwa porseleni.

"Dada, hii ni porseleni asili."

"Haya kaka, nigeuzie basi tuuone mgongo."

Dondosha maji kidogo mgongoni mwa kigae, kisha piga soga dakika mbili. Tone likizama na kuacha doa jeusi, hiyo ni seramiki, uilipie bei ya seramiki. Likibaki juu limekaa kama tone kwenye jani la mgomba, endelea na mazungumzo ya bei. Mimi huenda na chupa ya maji na wala sioni haya, maana maji hayo hayo nitayahitaji kwa jaribio la pili: namwaga juu ya kigae kikiwa sakafuni, navua kiatu, nakanyaga na kusukuma mguu mbele. Muuzaji atacheka. Acha acheke.

Katoni nyingine huandikwa herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13, namba kubwa ikimaanisha utelezi mdogo. Daka lililofunikwa latosha R10, na linalopigwa na mvua ya masika lastahili R11. Ila kipimo cha R hufanywa kwa viatu na mafuta, na sisi tunapita peku na maji. Kwa miguu mitupu kuna kipimo kingine cha herufi A, B na C, na ukikikuta kwenye karatasi za kigae tafuta B. Usikipapie sana kigae cha R12 au R13. Kinakwaruza kama msasa, kinakula tambara la kupigia deki na uchafu hautoki.

Kahawia ipi?

Neno kahawia limebeba rangi nyingi: kahawa chungu, tende, kifuu cha nazi, asali, chai ya maziwa. Watu hukimbilia ile ya kahawa chungu wakidhani itaficha uchafu. Haifichi. Mchanga wa Shela ni mweupe, na nyayo zenye maji ya chumvi zikikauka huacha alama nyeupe, kwa hivyo sakafu ya giza huonyesha kila mtu aliyepita tangu alfajiri. Tena daka likipigwa na jua la saa saba, kigae cha giza kinaunguza unyayo.

Kwa Lamu ninashauri kahawia ya katikati, kati ya kifuu na asali, yenye madoadoa au michirizi hafifu. Rangi tupu isiyo na doa huumbua hata unywele mmoja. Kwa Malindi mambo hubadilika kidogo. Kule vumbi lina wekundu, na mto Sabaki ukifurika bahari yenyewe hugeuka rangi ya chai. Daka la binamu yangu tuliliwekea kahawia yenye wekundu wa chungu cha kupikia, na mpaka leo hulifagia mara moja kwa siku badala ya tatu.

Ukiwa na mlango wa nakshi, usijaribu kulinganisha kigae na mbao zake. Mlango uliokolea juu ya sakafu iliyokolea humezwa. Chagua kigae kilichofifia ngazi mbili kuliko mlango, kuta ziache na chokaa yake nyeupe, na mlango utajisemea wenyewe.

Nafasi ya kwanza: kigae kidogo, kisichong'aa, chenye rangi mpaka ndani

Ukubwa wa sentimita 30 kwa 30 au 40 kwa 40. Najua havina fahari dukani. Lakini hebu fikiria daka lenyewe: ni dogo, lina baraza huku na huku, lina kidato, na kuta zake kama ni za mawe ya matumbawe hazijanyooka hata upande mmoja. Kigae kidogo hufuata kuta hizo bila kukatwakatwa vipande vya aibu. Sakafu inahitaji mwinamo wa sentimita moja hadi moja na nusu kwa kila mita ili maji yatoke nje, na kigae kidogo hukubali mwinamo bila kubaki na kona zilizonyanyuka. Viungo vya kati ya vigae vikiwa vingi, mguu nao hupata pa kushika.

"Rangi mpaka ndani" ndilo jambo ambalo watu hawaulizi. Vigae vingi vya porseleni vina rangi juu tu, na chini ya ngozi hiyo kuna udongo mweupe au wa kijivu. Mtungi wa gesi ukidondoka, kidonda cheupe hubaki katikati ya kahawia maisha yote. Tazama ukingo wa kigae: ukiwa na rangi ileile ya juu, au inayokaribia, hicho ndicho. Hugharimu zaidi kwa mita, lakini daka ni mita chache.

Nafasi ya pili: mfano wa mbao

Hivi ni virefu, 15 kwa 90 au 20 kwa 120, na vimechorwa mishipa kama mti. Mimi sikuvipenda mwanzoni, nikaona ni udanganyifu, mbao za kujifanya mbele ya mlango wa mbao za kweli. Daka la Langoni likanibadilisha mawazo. Ni jembamba na refu, vigae vikalazwa kuelekea ndani, likaonekana limeongezeka mita.

Sharti lake ni moja. Kigae kirefu hutoka tanurini kikiwa na upinde kidogo. Fundi akivipanga kama matofali, kiungo cha mstari mmoja kikiangukia katikati ya kigae cha mstari wa pili, sehemu iliyobenuka hukutana na ncha iliyoshuka na utajikwaa kidole. Mwambie asogeze kwa theluthi moja tu.

Nafasi ya tatu: 60 kwa 60 isiyong'aa

Hii ndiyo inayopatikana kila duka kuanzia Malindi hadi Mombasa, na kwa nyumba mpya yenye kuta zilizonyooka ni chaguo la heshima. Ikiwa imepakwa glezi, ile ngozi ya kioo ya juu, uliza daraja la PEI, yaani kipimo cha kustahimili kuchubuka. Yafaa liwe 4 au 5, kwani mchanga una chembe ngumu kuliko glezi nyingi, na pale mlangoni kila unyayo ni msasa. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya mwinamo na vidato tu.

Nafasi ya nne: 60 kwa 120

Nzuri mno kwenye ukumbi. Kwa daka, kila kimoja hukatwa, na nusu ya pesa zako huishia kwenye vipande vya taka. Tena sijawaambia habari ya kukipandisha mashuani.

Nafasi ya mwisho: kinachong'aa

Hadithi ya shangazi mmeshaisikia. Ongeza hii: njia ya kupita huchubuka ikafifia, kando kunabaki kung'aa, na baada ya miaka miwili daka lina ramani ya nyayo za familia nzima.

Washindani wawili nje ya orodha

Jiwe la Galana, lichimbwalo bara ya Malindi, lina kahawia yake ya kuzaliwa na mguu haulitelezi. Kwa veranda ya Malindi iliyo wazi kwa mvua, mimi ningelichagua kabla ya kigae chochote. Ubaya wake ni kwamba halilingani unene, na lisipopakwa dawa ya kuziba hunywa mafuta ya taa na samli bila kusahau.

Cha pili ni sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa, kama walizokuwa nazo bibi zetu. Mfuko ukiwa mwepesi, saruji nzuri iliyosuguliwa na fundi anayeijua ni bora kuliko porseleni ya bei ya kutupa.

Na kama nyumba yako ni ya mawe ya zamani, ndani ya Mji wa Kale ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, ongea kwanza na ofisi ya uhifadhi ya makavazi kabla hujagusa daka. Mbali na sheria, sakafu ya chokaa hupumua. Ukiifunika kwa kitu kisichopitisha maji, unyevu wa ardhini hutafuta njia nyingine, nayo ni ukuta. Plasta itaanza kumomonyoka karibu na baraza. Daka la Mkomani lilikuwa tayari na saruji, na hata hivyo tulibakisha ukingo wa chokaa wa sentimita kumi kando ya kuta.

Hesabu, mashua na punda

Usilinganishe bei za katoni. Katoni ya 60 kwa 60 mara nyingi ina vigae vinne, yaani mita za mraba 1.44, lakini saizi nyingine zina hesabu zao. Gawa bei kwa mita zilizoandikwa. Daka la mita 2.4 kwa 1.8 ni mita 4.32, sawasawa na katoni tatu, ila ukiongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika unahitaji nne. Katoni moja ya namna hiyo ina uzito wa kilo 30 hivi. Kutoka Malindi kwa lori hadi gati la Mokowe, Mokowe hadi kisiwani kwa mashua, kutoka gatini kwa punda: kila mkono unalipwa, na kila mkono unaweza kudondosha. Nunua zote siku moja, na hakikisha namba ya toni, yaani ya ukolevu wa rangi, ni ileile kwenye kila katoni. Kahawia ni rangi ya hila. Toni mbili tofauti hazionekani dukani, zinaonekana jioni jua likiingia kwa mshazari.

Fundi, gundi na mlango

Fundi wangu alitaka kulaza kwa saruji na mchanga kama alivyozoea, na mabonge matano chini ya kila kigae. Kigae cha seramiki hunywa maji ya saruji kikashika. Porseleni hainywi, kwa hivyo haishiki, na baada ya miezi utasikia sauti ya debe tupu chini ya kisigino. Nunua gundi ya vigae iliyotiwa polima, itandazwe kwa mwiko wa meno na kupakwa mgongoni pia. Wakati wa kusawazisha sakafu chini, mchanga wa ufuoni usitumike kabisa. Chumvi yake itapanda kwenye viungo na kuchora mistari myeupe. Viungo viwe vya milimita tatu, rangi ya mchanga mbichi: vyeupe huchafuka wiki ya kwanza, vya giza huonyesha chumvi.

La mlango pima kabla ya yote. Kigae na gundi yake hunyanyua sakafu milimita 15 hadi 20. Mlango unaofungukia upande wa vigae utakwama, na fundi asiye na huruma atachukua msumeno akate chini. Mlango wa nakshi haukatwi! Chimba sakafu ya zamani ishuke, hata kama ni siku mbili za jasho na vumbi. Ukiwa unachimba, acha na shimo la sentimita mbili la kulaza zulia la kumbi za nazi, lilingane na vigae, lisimkwaze mtu.

Vigae vilivyobaki nimevipanga chini ya ngazi pamoja na kipande cha katoni chenye namba ya toni. Viko saba. Shangazi alikuja Ijumaa iliyopita, akasimama nje, akauliza, "Ni vile vile?" Nikamwambia avue viatu ajaribu mwenyewe.