Kidonge kimoja na magunia mawili ya kuchoma: uzoefu wangu na viroboto na kupe

Nianze na hukumu, kwa yule anayesoma huku kamshika mbwa kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Kidonge cha kutafuna chenye fluralaner, ambacho wengi tunakijua dukani kwa jina la Bravecto, kimenifanyia kazi. Ni ghali, tena ghali ya kukufanya ukitazame mara mbili kabla ya kutoa hela. Na ukimpa mbwa kidonge halafu ukaacha banda lake lilivyo, wiki ya pili utaniita mwongo.

Tunaishi Morogoro, pembeni kidogo ya mji, uwanja una mwembe na majirani wanafuga mbuzi. Mbwa ni wawili. Dume ni Sijali, jina alilopewa na mama mkwe wangu enzi zile alipokuwa haongei na jirani mmoja (wanaojua mambo ya kumwita mbwa kwa sauti ili ujumbe uvuke ua watanielewa). Jike ni Pendo, yeye hana ugomvi na mtu.

Shida ilianza na mwanangu wa mwisho. Aliamka na vipele vyekundu kuzunguka vifundo vya miguu, vimejipanga vitatu vitatu. Nikasema mbu, nikabadilisha chandarua. Vipele vikaendelea. Siku moja nikampitisha Pendo kitana, zikadondoka punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Mama mmoja anayeuza mboga kwetu aliziona akaniambia niziweke kwenye karatasi nyeupe niloweshe maji. Zikageuka wekundu wa kutu. Ile ni damu ya mbwa iliyopita tumboni mwa kiroboto. Jaribio hili halina gharama, na uchafu wa kawaida hauachi rangi hiyo.

Nikaanza kuhangaika. Mzee mmoja jirani, kwa nia njema kabisa, alikuja na kopo la oili chafu ya gari. "Mwanangu, mpake hii, kesho huoni kitu." Nilimshukuru, kopo nikaliacha nyuma ya choo. Mbwa hujilamba; kinachopakwa mgongoni jioni kinakuwa tumboni asubuhi. Nikajaribu unga wa kuulia wadudu wa bustani, ukanipa siku tatu za amani, kisha nikamwona mtoto amemkumbatia Sijali na shavu lote jeupe kwa unga. Nikaacha hapo hapo. Kola ya bei rahisi niliyonunua njiani ilinuka kwa wiki nzima, na kazi yake kubwa ilikuwa hiyo.

Halafu likaja kosa langu kubwa. Kwenye duka moja la dawa za mifugo niliuziwa dawa ya kuogesha yenye amitraz, ile ya josho. Kibandiko kilitaja ng'ombe, mbuzi na kondoo; mbwa hakutajwa popote. Muuzaji akasema "weka vizibo viwili kwenye ndoo, dada". Ndoo gani? Ya lita kumi au ishirini? Sikuuliza. Pendo alilala tangu saa nne asubuhi, akiinuka anayumba kama aliyetoka kilabuni. Nilimsuuza kwa maji na sabuni, nikakesha naye sebuleni. Kulipokucha alikula. Nilikuwa nimezidisha, na tulipona kwa bahati.

Kinachoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye: amitraz ni dawa ya kupe na ya wadudu wa ukurutu. Viroboto haiwagusi. Yaani nilikaribia kumuua mbwa kwa dawa isiyohusika kabisa na vile vipele vya mtoto.

Wakati nahangaika na viroboto, kupe nao walikuwa kazini. Sikuwajali, maana kwetu kupe kwa mbwa ni kama vumbi barabarani, wapo tu. Sijali akaanza kukataa ugali, hata wenye dagaa. Siku ya tatu damu ikamtoka puani. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa zimepauka kama za maiti. Tukampakia kwenye bajaji hadi kliniki ya wanyama.

Daktari ni binti mdogo tu, na kama madaktari wengi wa mifugo wa hapa kwetu alisomea SUA, chuo kikuu cha kilimo cha hapa Morogoro. Aliniamkia, akamtazama Sijali, akamtoa damu na kuiweka kwenye darubini. Ugonjwa ukaitwa erlikiosisi, homa inayoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Alimwandikia doksisaiklini, dawa ya antibiotiki, ya wiki nne, kila siku bila kuruka. Nilivyo mbishi, nikauliza kama hakuna sindano moja ya kumaliza yote, maana mtaani kwetu afisa mmoja huwachoma mbwa ivermectin kwa kila kitu. Akacheka. "Mama, hiyo kwa kupe na viroboto haitegemewi. Na kuna mbwa, kama wale wachunga kondoo wa jamii ya koli, inaweza kuwaua."

Kisha akageuza risiti akanichorea mduara, na mchoro ule ndio ulionifaa kuliko dawa zote nilizokwisha kununua. Kupe wa kahawia hunyonya mbwa mara tatu maishani: akiwa mchanga wa miguu sita, akiwa kijana wa miguu minane, na akiwa mkubwa. Kila akishiba anadondoka, anatafuta ufa, anajigeuza humo, anarudi. Jike likishiba hutaga mayai kwa maelfu, na hupenda kupanda juu kutafuta pa kutagia. Nilirudi nyumbani nikainua macho. Kwenye pembe ya ukuta wa veranda, chini kidogo ya dari, walikuwa wamepanga foleni. Miezi yote hiyo nilikuwa nainama kumtazama mbwa.

Kiroboto ana hila nyingine. Jike linaweza kutaga mayai hadi arobaini au hamsini kwa siku, na hayanati kwenye manyoya. Yanadondoka kila mbwa anapojikung'uta. Mayai yanatoa vibuu vinavyokimbia jua, vinajificha chini ya matandiko na kula vile vile vinyesi vyenye damu vinavyodondoka kutoka juu. Kisha vinajifunga ndani ya kifuko chenye kunata, kinachoshika mchanga hadi usikione. Madaktari hukadiria kwamba viroboto wakubwa unaowaona juu ya mbwa ni kama asilimia 5 tu ya jeshi zima. Wengine wote wako sakafuni. Tena mara nyingi wale wa mbwa ni wale wale wa paka, na paka asiye na mwenyewe alikuwa analala juu ya banda la Sijali tangu masika.

Sasa kidonge. Daktari alisema dozi inakwenda kwa uzito, nisikisie. Nilipanda mzani mwenyewe, nikapanda tena nimembeba mbwa, nikatoa (Sijali hakufurahia, jirani walifurahia sana). Sijali kilo 23, kwa hiyo kidonge cha miligramu 1000, kile cha mbwa wa zaidi ya kilo 20 hadi 40. Pendo kilo 17, kidonge cha miligramu 500. Nikapiga hesabu ya kina mama: ninunue kimoja kikubwa nikate, nigawe? Daktari alikataa. Maelekezo yenyewe yanasema kisivunjwe. Pia kinatolewa na chakula, si tumbo tupu, kwa sababu mwili hukifyonza vizuri kikiwa na mlo.

Bei ya kidonge kimoja ingeninunulia chupa nyingi tu za dawa ya josho. Niliumia. Lakini kinafanya kazi wiki 12, na kwa kuogesha kila wiki ningeinua ndoo mara kumi na mbili kwa kila mbwa, na safari za bajaji za kwenda kumtibu Sijali hata sizihesabu. Hesabu hiyo ilinituliza.

Niliwapa jioni. Asubuhi nilipompitisha Pendo kitana, viroboto walidondoka wamelegea, wengine wameshakufa. Kesho yake kupe kwenye masikio ya Sijali walikuwa wamekauka, unawagusa wanadondoka. Dawa inazunguka kwenye damu, mdudu hufa kwa kunyonya. Maana yake ni kwamba haifukuzi: kupe atapanda, atauma, ndipo afe. Usitegemee mbwa asiyeguswa kabisa, na usidhani homa ya kupe haiwezi tena kumpata. Bado namkagua Sijali masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Nikimkuta kupe namshika kwa kibano karibu na ngozi, namvuta moja kwa moja, naye anaingia kwenye kichupa cha spiriti. Habari za kumchoma kwa kiberiti au kumpaka mafuta ya taa tumeshaachana nazo.

Siku ya kumi na mbili nikamwona kiroboto anaruka mguuni mwangu. Kisha wengine wawili. Hasira niliyokuwa nayo! Nikampigia daktari nikiwa tayari nimeshaamua kwamba nimeuziwa feki. Akaniuliza swali moja tu: "Magunia ya banda ulichoma?"

Sikuwa nimechoma. Niliyafua.

Vile vifuko vya sakafuni vinahimili dawa nyingi za kupulizia na vinaweza kusubiri wiki nyingi, hata miezi. Kiroboto aliye ndani hutoka akihisi mtikisiko, joto na pumzi ya mnyama anayepita. Wale niliowaona hawakuwa masalia ya kidonge. Walikuwa wametoka kwenye vifuko siku hiyo hiyo, hawajamwonja mbwa bado. Sasa, mbwa aliyekunywa dawa ni mtego unaotembea: kila kiroboto mpya atakayemrukia hufa kabla ya kutaga. Lakini kama banda ni ghala, mtego unachukua muda mrefu kumaliza ghala.

Jumamosi ile tulifanya kazi. Magunia mawili ya banda na godoro kuukuu tulichoma. Mchanga wa juu wa banda tuliutoa kwa koleo, tukamwaga nje juani. Nyufa za sakafu na za ukuta wa veranda nilizimwagia maji yanayochemka, kisha fundi akaziba kwa saruji. Hiyo ndiyo iliyowamaliza kupe wa ukutani kuliko chochote. Banda likainuliwa kwa matofali, upepo na mwanga vipite chini. Ndani ya nyumba tulifagia kila siku, chini ya makochi na nyuma ya kabati, takataka zinafungwa kwenye mfuko na kutoka nje papo hapo. Mapazia na mashuka ya mtoto yalifuliwa kwa maji moto. Wiki nne hivi baadaye vipele vya mtoto vikakoma.

Malalamiko yangu sasa. La kwanza ni upatikanaji: mara ya pili kidonge cha Pendo hakikuwepo, nikaambiwa nisubiri mzigo. Nunua mapema, na nunua kwa daktari au duka linalokuonyesha boksi lililofungwa na tarehe ya mwisho, maana kitu ghali hakikosi waigaji. La pili, hakimhusu kila mbwa. Watoto wa chini ya wiki 8, au wa chini ya kilo 2, hawapewi. Huko Marekani wanasubiri hadi miezi 6. Mwezi Septemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu kundi lote la dawa hizi kwamba baadhi ya mbwa hupata mitetemeko, kuyumba au degedege, ingawa ilisema kwa mbwa walio wengi ni salama. Kama wako ana historia ya kifafa, mweleze daktari kabla hajafungua boksi. Wangu hawakuonyesha lolote, ila Pendo alikula kidogo siku iliyofuata.

Na paka. Kidonge hiki si chake. Kuna dawa ya matone ya shingoni aliyotengenezewa yeye. Msije mkamwogesha paka kwa dawa ya mbwa yenye permethrin, inamuua. Yule wetu wa juu ya banda tulimpatia matone, siku hizi ana jina na sahani, jambo ambalo halikuwa kwenye bajeti.

Jingine ambalo kidonge hakifanyi: minyoo. Kiroboto hubeba tegu, na mbwa humpata akimmeza wakati wa kujitafuna. Nilipoona vipande kama punje za wali chini ya mkia wa Sijali, ilibidi apewe prazikwanteli, dawa ya tegu. Mtoto mdogo anayecheza chini anaweza kuambukizwa kwa njia ile ile, akimmeza kiroboto, kwa hiyo usilicheleweshe.

Kwa nyota, ningekipa nne katika tano. Ya tano nimeibakiza kwa fundi wa saruji.

Duru ya tatu ni Jumapili ijayo, siku ya 84 tangu ile ya pili, nimeizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Pendo hutafuna kidonge kama nyama. Sijali anakilamba, ananitazama, anakitema kwenye kiatu cha baba mkwe; kwake nitakificha ndani ya kichwa cha sangara, nisimame pale pale hadi ameze.