Shostakovich Namba 11: wameikata pumzi katikati

Msiinunue CD hii. Nimeinunua mwezi uliopita hivi na hasira bado haijaniisha.

Simfonia (muziki mrefu wa okestra) Namba 11 ya Shostakovich, mtunzi Mrusi, "Mwaka 1905", ina sehemu nne lakini pumzi ni moja. Mtunzi mwenyewe alielekeza zipigwe mfululizo bila kusimama, karibu saa nzima. Waliotengeneza CD hii wamechomeka kimya cha sekunde mbili kila sehemu inapoisha. Kimya kitupu! Rekodi ni ya onyesho lenye watu, kwa hiyo hata hewa ya ukumbi inakatika. Mwishoni mwa sehemu ya pili kuna mtu anakohoa, na kikohozi chake kinakatwa katikati kama umeme umezimika.

Na hapo ndipo pabaya kuliko pote. Sehemu ya pili ndiyo Januari 9 yenyewe: wafanyakazi wa Petersburg wanampelekea Tsar, mfalme wa Urusi, ombi lao, askari wanawafyatulia risasi. Ngoma zinapiga hadi kifua kinabana, kisha zinanyamaza ghafla, na zile violini za baridi za mwanzo zinasikika tena. Uwanja ni uleule mbele ya kasri, sasa umejaa maiti. Selesta, kinanda kidogo chenye sauti kama kengele ndogo, inadondosha sauti zake moja moja. Kutoka hapo selo na besi, ndugu wakubwa wa violini, zinapaswa kuanza sehemu ya tatu taratibu, nyuzi zikidonolewa kwa vidole, kama nyayo za wasindikizaji wa jeneza. Shostakovich hakuacha upenyo kati ya kifo na mazishi. Hawa wameuacha.

Niliwaandikia wauzaji. Mhudumu akanijibu kwamba sekunde mbili hazimdhuru mtu, na kama nataka muziki usiokatika ninunue wa disko. Mtu anauza muziki wa wafu anajibu hivyo! Siku kadhaa sikuigusa.

Halafu usiku mmoja nikaanzia sehemu ya tatu, nikiruka yote ya nyuma. Viola, zilizo kubwa kidogo kuliko violini, zinaimba peke yake ule wimbo ambao wanamapinduzi wa Urusi walizikiana nao, polepole, sauti imezibwa, na wapigaji hawa wanaupiga kama watu waliowahi kuzika. Nililia. Sijasikia viola za namna hiyo kwenye rekodi nyingine yoyote niliyonayo. Basi labda niseme inunueni, kwa ajili ya dakika zile.

Lakini hapana. Mwishoni kabisa, okestra ikishanyamaza, kengele imeachwa ilie mpaka ife yenyewe, wala hakuna aliyeigusa. Kumbe walijua sauti inapaswa kuachwa ife! Nimejaribu kuziunganisha sehemu kwenye kompyuta. Kimya kile nimekiondoa, ila kikohozi kimebaki nusu, na kila nikifika pale nakisubiri kimalizike.